Viti Viwili Irembo

Muheto, 11 Aprili 1965

Kaka Damien,

Tangu Noeli nimekuandikia mara mbili na hukujibu, lakini mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nimezoea kusema na watu wanaotazama dirishani. Barua hii nampa Grégoire, yule dereva anayeteremsha maharage yetu Walikale na kurudi na mawese. Ameapa kuiweka mkononi mwako mwenyewe.

Habari ni kwamba Papa amechaguliwa. Ndiyo, Papa wetu, baba yetu Munyakazi wa Muheto, anayegombeza hata mbuzi kwa heshima, sasa ni mjumbe wa baraza. Kura zilipigwa shuleni, katika darasa langu. Askari walisimama pande zote mbili za sanduku, bunduki mkononi. Zamu ya Papa ilipofika aliniuliza mbona watu wamekuwa kimya hivi, wakati nje walikuwa wakitaniana. Nikamwambia kuna askari ndani. Akamwomba mkubwa wao, polepole, awapeleke watu wake nje ya ua wa shule. Yule mkubwa alikuwa mtu mzima, akakubali. Kicheko kikarudi kwenye foleni, na nadhani kura za Papa ziliingia na kicheko hicho.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kufika. Kwetu mtu akija na mkuki anausimika irembo, nje ya lango la ua, ncha ikizama ardhini. Kisha anakohoa, anaitwa, anaingia mikono mitupu. Babu alifanya hivyo, hata chifu akitutembelea alifanya hivyo. Wewe mwaka ule baada ya uhuru ulifika na bunduki begani. Papa akakuambia uiache irembo. Ukamjibu kwamba bunduki ya serikali haiachwi. Ukasimama nje, yeye akabaki ndani, mvua ikanyesha, na wewe ukageuka ukashika njia. Hamjasemezana tena. Mama alikufa hamjasemezana.

Nimechoka kuwa katikati yenu, kaka. Omba ruhusa uje bila bunduki, hata kwa siku moja.

Papa hajambo. Siku hizi anapenda nimsomee kila kitu, na njiani anaweka mkono begani kwangu kama mkubwa wa nchi. Cheo kimempanda kichwani.

Dada yako,
Emérita


Walikale, 2 Mei 1965

Dada Emérita,

Grégoire amenipa barua yako mbele ya kikosi kizima, na wenzangu wakadhani nimepata mchumba. Niliwaacha wadhani hivyo. Inapendeza mtu akidhaniwa ana mtu.

Unaniambia nije bila bunduki kana kwamba ni kofia. Mimi sipewi ruhusa ya kutembea hivi hivi. Nikipanda huko nitapanda kwa kazi, na kazini silaha haitoki mwilini. Ikipotea nafungwa. Ikichukuliwa na mwenye nia mbaya, damu ni yangu. Papa hilo halijui, au analijua na hajali.

Hapa hakuna kilima cha kumwonyesha mtu na kusema kwetu ni pale. Ni msitu na mto na mvua inayonyesha bila kukasirika. Nikienda sokoni mazungumzo yanakatika. Juzi nilimuuliza mama mmoja bei ya ndizi, akaniambia, “Beba tu, papa soda,” maana huku askari huitwa soda. Nikataka kulipa, akaogopa zaidi. Niliweka noti juu ya fungu lake nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia anawaita watoto wake waingie ndani. Nilizila zile ndizi peke yangu nyuma ya kambi, na hazikuwa na utamu wowote.

Mwaka wa uhuru tuliasi kwa sababu tuliambiwa uhuru ni wa raia, sisi tutabaki kama zamani. Tuliona vijana tuliosoma nao wanapanda magari ya wakubwa. Nilifikiri mwenye bunduki hatapuuzwa. Ni kweli hapuuzwi. Anaogopwa, na mtu hawezi kuishi kwa kuogopwa tu.

Mpongeze Papa kwa kuchaguliwa. Au usimpongeze, usiseme neno limetoka kwangu. Nataka kujua jambo moja tu. Huwa ananiulizia?

Damien


Muheto, 20 Agosti 1965

Kaka Damien,

Hakuulizii kwa jina. Lakini kila lori la Grégoire likipita, Papa ananiambia, “Kule Walikale iko mvua?” Mimi najibu iko. Anasema, “Muntu wa kule iko na koti?” Najibu sijui. Basi anaacha chakula mpaka kipoe. Wewe ndiye utaamua kama huko ni kuulizia.

Baraza lao sasa lina nyumba yake kule Burungu, ya udongo na majani, na uzio wa matete kuzunguka. Mimi huwa darasani, kwa hiyo anasindikizwa na Marcellin, katekista aliyehamia kwetu kutoka Ngungu mwaka jana. Wewe humjui, ni mtu mwema na hodari wa kula. Anayotueleza jioni yangekushangaza. Askari wa poste, kile kituo chao, walikuwa wakichukua kuku na mbuzi wa watu, na kila mtu alinung'unika jikoni kwake. Papa akalipeleka barazani. Wakapatana kwamba askari wakihitaji kitu wakiombe kwa baraza, na mkubwa wao akaitwa kujieleza. Alikuja. Marcellin anasema alisita sana kwenye uzio, kisha akamwachia mwenzake bunduki nje, akaingia akakaa kwenye benchi kama sisi wengine.

Jioni ile Papa alirudi anaimba. Akatuambia: “Muntu wa mukuki iko na kazi yake. Lakini kwa kusema maneno ya inchi, anaacha mukuki inje, anakuwa muntu sawa na bantu. Njo vile tu. Haina ingine.” Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo yamemgharimu mtoto, lakini alikuwa na furaha na mimi ni mwoga.

Nyumba ni kubwa kwa watu wawili. Nikisahihisha madaftari nasikia panya wakitembea juu ya dari, na nashukuru kwamba kuna anayetembea.

Emérita


Walikale, 5 Desemba 1965

Dada,

Mmesikia redio kwa padri bila shaka. Wakubwa wa jeshi wamechukua nchi kwa miaka mitano. Kambini watu walikunywa, wakapiga risasi juu mpaka luteni akawafungia sanduku la risasi. Mimi nilipewa alama ya kaporali wiki ile ile, na sikuona wa kumwonyesha.

Soma barua hii ukiwa peke yako. Kwa sasa hakuna aliyegusa mabaraza yenu madogo, lakini nasikia jinsi wenzangu wanavyosema. Wanasema raia wamesema miaka mitano na nchi imeungua, sasa zamu ya kusema ni yetu. Kuna wanaowajua wajumbe wa Burungu kwa majina, na ile habari ya mkubwa aliyeacha bunduki nje imefika hadi huku. Wanaicheka, lakini wanaicheka vibaya.

Mwambie Papa aseme ameugua. Mwambie maharage yanamhitaji. Akae nyumbani. Usimwambie ni mimi niliyesema, kwa maana atakwenda makusudi.

Usiku wa kuamkia Noeli nitakuwa zamu. Niimbieni wimbo mmoja.

Damien


Muheto, 10 Januari 1966

Kaka Damien,

Nilimwambia maharage yanamhitaji. Akasema maharage hayajawahi kumpigia kura.

Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha maneno hayo, na mimi sijui kudanganya nikiwa nimesimama karibu naye. Akasema, “Muambie ule aliyekufundisha: bantu walinituma kule na karatasi ndogo. Nitarudi siku bantu watasema rudi. Soda hakunituma, soda hawezi kunirudisha.” Halafu akaongeza, kama anayejisemea, “Na aweke koti mu mvua.”

Tulikuimbia nyimbo mbili. Marcellin alikosea sauti katika zote mbili.

Emérita


Muheto, 3 Aprili 1966

Kaka Damien,

Hujaniandikia tangu mwaka mpya na Grégoire anasema hakukukuta kambini, kikosi chenu kilikuwa safarini. Popote ulipo, pokea habari hizi.

Baraza limefungwa. Mimi sikuwapo, nakueleza alivyonieleza Marcellin. Wajumbe waliitwa Burungu asubuhi, na walipofika walikuta askari wageni wamejaa ndani ya ile nyumba, wengine wamekaa juu ya meza na bunduki mapajani. Luteni alisimama mlangoni akawaambia waingie wasomewe amri. Wengine waliingia. Papa alipoambiwa na Marcellin nani yuko ndani, alisimama pale pale kwenye uzio. Akasema, “Ile nyumba siingii. Chuma imeshatangulia.” Akakaa chini, nje ya lango, kwenye majani. Mvua ikaanza, ile ya mwezi wa tatu isiyo na huruma. Luteni akapiga kelele kwamba mzee huyo ataingia au atafia hapo. Papa hakusogea. Hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Ndipo askari mmoja akaacha nafasi yake mlangoni. Marcellin anasema alikuja bila haraka mpaka langoni. Bunduki yake ilikuwa na kile kisu cha mbele. Akaigeuza ncha chini, akaisimika kwenye tope. Kisha akavua koti lake la mvua, akamfunika Papa mabega na kichwa. Papa alinyoosha mkono akaigusa ile bunduki iliyosimama, halafu akainua uso akamwambia, “Aksanti, soda.” Askari akang'oa bunduki yake yenye tope, akarudi, na luteni alikuwa anamngoja.

Wakawasomea amri kwamba baraza halipo tena, kila mtu arudi kwake. Papa alirudi na lile koti. Halali bila kujifunika nalo. Linanuka moshi na mafuta ya bunduki, na hataki nilifue.

Wewe unawajua watu wa jeshi. Ukimjua askari huyo, mwambie kuna nyumba Muheto inayomshukuru. Sijui kama walimwadhibu. Namwombea kila jioni, na huwa nakuombea wewe baada yake.

Emérita


Walikale, 6 Juni 1966

Emérita,

Usiniombee baada ya huyo askari. Ni mimi.

Tulipopakiwa kwenye magari hatukuambiwa tunakwenda wapi. Nilipoona vilima nikaelewa, na nikaomba Mungu atupitishe moja kwa moja hadi Goma. Hakutupitisha. Niliwekwa mlangoni. Nilimwona anakuja, mkono begani kwa mtu nisiyemjua, anatembea kifalme kama ulivyoniandikia. Nilishusha kofia ya chuma hadi kwenye nyusi. Alipokaa kwenye mvua, miguu yangu iliondoka yenyewe, dada. Sikupanga kitu. Nilifika langoni na mkono ukafanya kile ulichofundishwa utotoni, kabla sijakumbuka kwamba nilichoshika si mkuki.

Na yeye akanitazama. Hatua moja tu kati yetu, uso kwa uso, macho yamefunguka kabisa. Alinitazama mimi mwanaye, akaniambia aksanti, soda. Kama anavyomshukuru mpita njia aliyempa maji. Afadhali angenitemea mate, maana mtu humtemea mate mtu anayemjua.

Kwa ile bunduki nimevuliwa alama na kufungwa kasho, kile chumba cha mahabusu, nimetoka juzi. Udongo ulijaa hadi ndani, luteni aliita kikosi kizima waje waone. Hilo halinisumbui. Kasho niliweza kulala. Kinachoniamsha ni lile neno.

Nimeomba kuhamishwa Équateur, mbali kabisa, ambako hata nikitaka kurudi haitawezekana kwa urahisi. Jibu linakuja mwisho wa Julai. Nikikubaliwa usiandike tena. Papa ana haki yake. Alichagua, kama watu wake walivyochagua, na mimi sikuwamo kwenye karatasi zao.

Koti akae nalo.

Damien


Muheto, 19 Juni 1966

Kaka yangu,

Keti kwanza. Papa haoni.

Macho yalianza kufa mwaka ule Mama alipokufa, na kabla ya uchaguzi yalikuwa yamekwisha. Yako wazi, ni mazuri kama zamani, yanamgeukia mtu anayesema naye, ndiyo maana mgeni hatambui. Mkono begani si ukubwa. Kusoma kwangu si cheo. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utatoroka jeshini kuja kumwona, wakupige risasi, au utakuja na bunduki ile na mtashindana tena irembo, mmoja haoni na mwingine hataki kuonekana. Nikajiambia nitakuambia mwaka ujao. Kila mwaka una mwaka ujao wake.

Hakukutazama, Damien. Aligeuzia uso mahali palipotoka pumzi ya mtu. Alimshukuru askari asiyemjua, kwa moyo wake wote, na tangu siku hiyo hamsemi vibaya mtu yeyote aliyevaa sare. Ungeweza kufurahi kwa hilo.

Sijamwambia kwamba ni wewe. Barua yako ilinitoa machozi hadi alinisikia kutoka uani, nikamdanganya kwamba ni moshi. Nikimwambia ni wewe, nitamwambia pia kwamba ulifungwa kwa ajili yake, na kwamba unakwenda Équateur, naye hana macho ya kulilia vizuri. Niambie nifanye nini. Futa lile ombi la uhamisho, nakusihi, kabla ya mwisho wa Julai. Mimi siwezi kubaki peke yangu na ukweli huu na yeye akinitabasamia kutoka chini ya koti lako.

Emérita


Muheto, 17 Julai 1966

Damien mutoto yangu,

Marcellin njo anaandika. Nimemuambia aandike vile ninasema, asitengeneze Kiswahili yangu ikuwe ya kanisa. Grégoire anapita kesho. Emérita asijue kama nimekuandikia. Ye anafikiri mi sijui kitu, na ninamuacha afikiri vile, juu ya vile amenibeba sana, asibebe na ile.

Ni kweli macho yangu imekufa. Sikukuona. Lakini sikiliza. Ile siku ku Burungu, basoda walikuwa wanatembea ndani na inje, na buti zao yote inafanana. Halafu mumoja anatoka mulangoni, anakuya upande wangu. Anasimama. Ninasikia chuma inaingia mu udongo. Nikanyoosha mukono, nikagusa: muti iko juu, ncha iko chini, imesimama muzuri mbele ya mulango ya uzio. Sasa uniambie, masomo gani ya jeshi inafundisha soda kusimika bunduki namna ile? Ni kwa irembo ya baba yangu tu wanafundishaka vile, na mi njo nilikufundisha, na mukuki ya muti, ukingali mudogo. Nilikujua kabla koti inifike ku bega.

Jina yako ilikuwa mu kinywa. Ilifika mpaka ku meno. Lakini ule mukubwa wako alikuwa anapiga kelele ku mulango, na nikafikiri: nikisema mutoto yangu, watasema huyu soda iko wa baraza, haiko wa jeshi, na watamufanyia mubaya kupita ile ya udongo mu bunduki. Njo nikasema aksanti, soda. Nilikuficha ndani ya ile neno, sababu sikukuwa na pahali ingine ya kukuficha. Kisha weye haukuandika, na Emérita analia, anasema ni moshi, na moto haiko. Nikafikiri pengine neno ilikuumiza. Kama ilikuumiza, ujue nilibeba jina yako njia yote ya Burungu mpaka hapa, na Marcellin hakusikia.

Na ile siku ya zamani, mwaka ulikuja na bunduki. Ulifikiri niko ndani ku moto. Nilikuwa nyuma ya uzio, karibu na weye, ninalowa na mvua ile moja. Nilingojea ukohoe tu. Haukukohoa, na mi sikutoka. Mama yako alinicheka juu ya ile mpaka siku alikufa.

Ile nyumba ya baraza wameweka ndani mafuta ya magari yao. Sijui kama bantu watakaa tena mule. Neno yangu juu ya mukuki na baraza haijageuka, na haitageuka, hata wakiniletea jeshi muzima. Lakini nimefikiri sana chini ya hii koti. Baraza haiwezi kutoka inje kumufwata soda. Baba anaweza.

Kama bunduki ya serikali haiachwi, usiiache. Mi nitatoka. Nimeweka viti mbili irembo, inje ya uzio, na Marcellin amejenga kapaa kadogo ka majani juu yao. Ku kimoja ninakaa kila mangaribi mpaka Emérita ananiita kula. Bantu wanapita, wananisalimia, wanafikiri muzee anaota jua.

Ukifika usiseme jina. Kohoa tu.

Papa yako,
Munyakazi